Tulichogawana Igombe

Nilikuja na sentensi moja,
nimeishona usiku kucha kama pindo la suruali:
Bituro, nivumilie mpaka mwezi wa tisa.
Nikaikunja, nikaiweka chini ya ulimi.

Mwaloni bado giza. Mitumbwi ya dagaa inarudi,
taa za sola zimezimwa, vijana wanashuka
wakitembea kama watu waliobebwa na usingizi wao wenyewe.
Mtumbwi wetu ni wa shemeji yake,
umezibwa kwa lami na vipande vya kandambili.
Yeye akashika kafi.
Mimi nikapewa kopo la rangi.

"Chota, fundi," akasema,
"ziwa limepanda bila nauli, na halilipi."
Hilo neno la mwisho
likanigusa ubavuni kama sindano iliyosahaulika kwenye koti.
Nikachota. Nikachota kuliko maji yaliyokuwemo.

Tukatia nanga, jiwe ndani ya kiroba,
nyuma ya miamba ambako minandi hukausha mbawa
kama mashati ya wateja wasiorudi.
Nikafunga ndoano zote mbili, yangu na yake:
kazi hiyo vidole vyangu vinaijua.
Chambo ni nyungunyungu wa shambani kwa mama Nyangeta,
wanene, wabishi, bado na udongo wao.

Bituro anaongea.
Anaongea juu ya friji la baa moja Kirumba
lililomgomea wiki nzima,
akalifungua, akalifunga, akalitukana,
kumbe panya alikuwa ametafuna waya.
Anaongea juu ya mke wake na kanda za kwaya,
juu ya bei ya sangara, juu ya goti lake la kushoto.
Kila kitu amekigusa,
ila ile jioni ya Bugando, kwenye korido ya watoto,
aliponiwekea noti mkononi
zimefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli,
akaondoka kabla sijahesabu.

Gogogo wa kwanza akaja analia kri, kri,
mwiba umesimama mgongoni.
"Huyu analalamika kama wewe ukiletewa kitenge pungufu."
Wa pili. Wa tatu.
Kisha saa mbili nzima za kutazama uzi tu,
maji yakipumua chini ya ubao.

Mchana tukala ugali wa muhogo
uliopoa ndani ya nailoni, na pilipili.
Meli ya Ukerewe ikapita mbali,
wimbi lake likatufikia likiwa limechelewa,
likatutikisa kidogo, kama mtu anayeomba radhi.

Nikaona sasa.
Nikaitoa sentensi chini ya ulimi, nikainyoosha.
"Bituro,"
"Shh."
"Bituro, mimi..."
"Uzi wako, we mtu! Uzi!"

Ukakata kiganja changu ukienda.
Akaja akizunguka, akazama, akarudi,
sato, mpana kama pasi ya mkaa,
magamba yakishika jua lote la Ilemela,
na sisi wawili tumesimama, watu wazima,
mtumbwi unayumba, tunapiga kelele kama watoto wa shule.
Ile sentensi ilidondokea wapi sijui.
Labda niliichota na maji.

Jioni magugu maji yalikuwa yameziba mwalo.
Tukashuka, tukasukuma, matope mpaka magotini,
goti la kushoto likitajwa kila hatua.

Akagawa juu ya ubao:
gogogo mmoja wako, mmoja wangu,
mmoja wako, mmoja wangu,
mmoja wako, mmoja wangu.
Akabaki sato.
Akamwangalia, akaniangalia,
akamfunga kwa unyasi kwenye matamvua
akamning'iniza kwenye mpini wa baiskeli yangu.

"Huyu," akasema akifuta mikono kwenye kaptula,
"ongeza kwenye lile deni."

Nikapanda kilima cha kwenda nyumbani nikisukuma,
mkia ukipigapiga spoki,
nikihesabu kwa sauti kusudi nisikosee:
laki moja na ishirini,
na sato mmoja.